Kiti Ambacho Paka Hawakukilalia

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza nawasalimu, pili nawaambia kaeni vizuri. Najua mtasoma kwenye simu mkiwa mmelala chali. Haya, laleni, lakini msiruke mistari. Mimi nilisoma madrasa, na kuandika Kiswahili nilifundishwa ukubwani, katika darasa la ngumbaru, kwa hiyo kila neno hapa limenitoa jasho. Naandika kwa sababu kuna video inazunguka. Mjukuu wangu mmoja aliwapiga picha paka wa nyumbani kwetu wamelala juu ya vinanda vya zamani, akaituma huko mnakotuma vitu vyenu. Watu wakacheka. Wakasema, oneni paka wa Garissa wanavyokula raha. Mmoja akauliza kama vinanda vinauzwa. Hakuna aliyeuliza ni vya nani.

Ni vya mwanangu, kitinda mimba wangu.

Wengine wa rika lake waliingia kwenye mifugo, wengine maofisini. Yeye alikusanya mashine za muziki ambazo wenzake walishazitupa. Vinanda vya zile bendi zilizopiga harusi wakati mimi bado msichana. Vingine vilivuka mpaka na watu waliokimbia vita, vimefungwa ndani ya magodoro kama watoto wachanga. Alivifuata popote alipovisikia, akavileta kwenye chumba cha pembeni uani, akavifungua tumbo na kuviunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa mpaka vikasema. Kimoja kilikuwa kirefu, mbavu zake za mbao. Kimoja hakikuwa na vibonye vya kupiga hata kimoja, vifundo vitupu vya kuzungusha, vingi kama chawa. Kulikuwa na mashine ya kupiga ngoma bila mkono wa mtu, na mashine za kaseti, na spika kubwa kuliko kabati langu.

Alikuwa akiniita. "Hooyo, njoo usikie." Hooyo ni mama kwa Kisomali chetu. Ninakwenda, nimeshika mwiko.

"Hiki hakina sauti za kununua," ananiambia. "Hiki sauti unaijenga mwenyewe, kama nyumba."

Anazungusha kifundo, kinanda kinalia.

"Huyo ni ngamia mgonjwa," namwambia.

"Ngamia huyu mgonjwa, hooyo, ndiye aliyecheza harusi zote za mji huu mwaka jana. Na wewe ulimpigia makofi."

Sikumpigia. Labda kidogo.

Alikuwa na sheria mbili kuhusu chumba kile, naye akanifundisha kabla hajamfundisha mkewe. Ya kwanza, feni isizimwe mchana. "Mashine hizi zilitengenezwa na watu wa baridi," alisema, "joto letu linaziua." Ya pili, kile kinanda kirefu kisikatwe stima hata dakika moja. Kibetri chake cha ndani kilikufa zamani na hakipatikani tena, na kikizimwa kinasahau sauti zote alizokijengea. Aliweka betri ya sola nyuma ya mlango, ili stima ikipotea, nayo hupotea sana, kile kinanda kisijue. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka siku zote.

Sasa paka. Watu wanadhani paka anapenda vinanda. Paka hajui kinanda. Paka anajua feni. Nyumba nzima, jua likishapanda, mabati yanachemka na mbuzi wanahema, na chumba ni kimoja tu chenye upepo. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Jike la kijivu lililozeeka lilichukua kinanda kirefu. Dume jekundu lenye sikio lililochanika likachukua spika. Wengine wakajilaza kwenye waya kama nyoka waliokufa, mkia umening'inia juu ya vifundo. Mwanangu hakuwafukuza. Paka kwetu hafukuzwi, anakula na watu na kusali hakuharibiki akipita. Jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi, alichungulia siku moja akasema, "Abaayo, dada yangu, paka wako wana feni na mimi mume wangu hana. Nimlete?"

"Mlete," nikamjibu, "lakini akikoroma atolewe."

Basi ilikuwa nyumba ya kucheka. Nawaambia hilo mlijue, kwa sababu baadaye haikuwa.

Alioa msichana wa Habaswein, mtulivu, mwenye mikono ya kazi. Hawakukaa pamoja muda mrefu. Msimu wa mvua ulipofika alisikia kuna kinanda Wajir, nyumbani kwa mzee aliyekuwa mpigaji, kimefungwa kwa turubai. Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema kinanda kitaoza. Alipanda pikapu asubuhi, akampungia mkono mkewe, mimi hakuniaga vizuri kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Kabla ya kufika Habaswein, mahali ambapo barabara inashuka kwenye mkondo wa maji ya mvua, ile pikapu iliingia na haikutoka. Maji yalipokauka waliipata imefukiwa mchanga hadi kwenye vioo. Watu wawili walikuwamo, wakaoshwa na kuzikwa. Wa tatu, ambaye ni wangu, hakuwamo. Walitafuta kwa miguu, walitafuta kwa ngamia. Hawakupata hata kiatu.

Mtu asiye na kaburi mnamfanyaje? Niambieni nyinyi mliosoma. Wazee walikuja na mashekhe, wakasema kuna swala ya maiti anayeswaliwa akiwa hayupo, tumswalie, tumwombee, mambo yaendelee. Nikasimama mlangoni. Niliwaambia, "Hamtaniswalia mtu aliye hai." Wakatazama chini. Mama akisema hivyo, kwetu watu hawasogei.

Nikaendelea kuwasha feni. Kila asubuhi nilifagia kile chumba, nikapangusa vumbi juu ya vinanda nikizunguka paka, nikaangalia taa nyekundu. Mke wake aliingia kabla yangu, akatoka, hatukuongea sana humo ndani.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo.

Mwanangu alikuwa na kiti, kile cha mviringo kinachozunguka, ngozi yake nyekundu ya bandia, alikipata kwa kinyozi aliyefunga duka. Kilikuwa mbele ya feni kabisa, mahali pazuri kuliko pote mle chumbani. Na paka hawakukilalia. Walilalia mbao, walilalia chuma, walibanana kwenye kisanduku cha waya wakigombana kwa makucha, na kile kiti laini chenye upepo kilikaa kitupu. Niliwahi kumwinua yule mkongwe wa kijivu nikamweka pale kwa mkono wangu. Alikunja uso, akashuka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Tena chumba kilinuka ndimu. Mwanangu alikuwa mtu wa ndimu. Alikamulia kwenye wali, kwenye nyama, siku moja alikamulia kwenye maziwa ya ngamia akayaharibu, nikamfukuza jikoni. Nikifungua mlango asubuhi, harufu ile inanikuta usoni kama mtu aliyetoka kula.

Halafu sauti. Baada ya swala ya adhuhuri, mji wetu unalala. Hakuna pikipiki, hakuna punda wa maji, hata watoto hunyamaza. Nilikuwa nimejilaza mkekani, nikasikia kinanda kirefu. Noti moja tu, nzito, imeshikwa, haipandi wala haishuki, kama mtu anayefikiria kwa koo. Niliinuka bila viatu. Nilifungua. Paka wote walikuwa wamelala mahali pao, lakini macho yao yalikuwa wazi, na wote walielekea kile kiti. Nikatazama vibonye. Hakuna mguu juu yake. Mkongwe alikuwa amelala mwisho wa kinanda, kwenye mbao. Sauti iliendelea, nikaisikia kwenye nyayo zangu kupitia simenti, kisha ikazama polepole mpaka ikabaki feni peke yake.

Ilitokea tena siku nyingine, na nyingine. Siku zote mchana, siku zote watu wamelala. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naketi nje ya ule mlango na tasbihi yangu, nikingoja, na nisiposikia kitu nilikasirika siku nzima.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Yule msichana alikuwa amefungwa. Mumewe si marehemu, basi yeye si mjane. Mumewe hayupo, basi yeye si mke. Hawezi kukaa eda, hawezi kuolewa, hawezi kuzaa, na miaka ya kuzaa haingoji. Njia ilikuwepo, kadhi angeweza kutoa hukumu. Lakini hakuwa msichana wa kumpita mama mkwe akaenda kortini peke yake, na mimi nilijua hivyo.

Mama yake alikuja kutoka Habaswein. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za mvua na mifugo na afya hadi habari zikaisha. Kisha akaweka kikombe.

"Binti yangu ni nani katika nyumba hii?"

"Ni mke wa mwanangu."

"Basi mwite mwanao aje ale naye chakula."

Angekuwa mtu mwingine angetoka uani kwangu bila kuvaa viatu. Lakini alikuwa mama, na alikuwa amepanda gari kupita mahali palepale palipomchukua wangu. Aliondoka kesho yake bila binti. Binti alisema, "Sitaondoka bila ruhusa ya hooyo." Hooyo ni mimi.

Baada ya hapo akaja shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Mtu wa ngamia, mzee, anayechukia muziki kiasi kwamba miaka yote ile hakuwahi kuvuka kizingiti cha kile chumba. Alisimama uani akaegemea fimbo yake.

"Shemeji," akasema, "nimekwenda kwa kadhi. Ameuliza swali moja tu. Nyumbani kuna alama yoyote kwamba kijana yu hai? Amepiga simu? Ameonekana?"

"Alama ipo."

"Ipi?"

"Njoo."

Nikafungua mlango. Alisimama pale nje, fimbo ndani, miguu nje. Paka walimtazama, wakapiga miayo.

"Unaona wamelalia kila kitu," nikamwambia. "Sasa tazama kile kiti. Hakuna anayekigusa. Wewe umekaa na wanyama maisha yako yote. Niambie kwa nini."

Alitazama muda mrefu. Ni mtu anayejua kwamba ngamia husimama njiani kabla mtu hajaona kitu, na kwamba anayempiga fimbo hujuta. Akasema polepole, "Mnyama huona."

"Basi mwambie kadhi. Mahali pake pamewekwa. Mtu ambaye mahali pake pamewekwa hajafa."

Nyuma yetu vikombe viligongana. Yule msichana alikuwa amesimama na sinia ya chai. Sijui alifika lini. Aliiweka chini, akafuta mikono kwenye shela yake, akaenda jikoni. Shemeji alirudi kwa kadhi na maneno yangu, na jambo likakaa palepale lilipokuwa. Jirani yangu aliposikia alisema, "Abaayo, mashahidi wa kila mtu ni watu, wako wana mikia," na nikamwambia aende kwake. Nilimaanisha. Hakuja tena kwa muda.

Ikapita mvua nyingine. Msichana alipungua. Si kwamba hakula, alikula, alifua, alipika anjera zake nyembamba ambazo mimi siziwezi. Lakini ilikuwa kama kuna mtu anamzungusha kifundo, anamshusha sauti kila siku kidogo. Nikaona, nikanyamaza. Mchana nilikaa nje ya mlango wa kinanda nikisikiliza.

Asubuhi moja niliingia na ufagio wangu. Harufu ya ndimu haikuwepo. Nilisimama. Feni inazunguka, taa nyekundu inawaka. Na pale kwenye kiti cha mwanangu, dume jekundu lilikuwa limelala chali, miguu minne juu, tumbo kwenye upepo, kama mfalme.

Nilipiga kelele. Sikuita jina la paka, niliita jina la mwanangu. Msichana alikuja mbio, mikono ina unga. Alimwona paka, akaniona mimi, na hakumfukuza.

"Mtoe!" nikamwambia. "Mtoe hapo!"

"Hooyo, mwache."

"Amekaa mahali pake! Hawajawahi! Kwa nini leo?"

Alikaa chini, pale kwenye simenti, katikati ya nyaya. Alizungumza na mikono yake, hakunitazama.

"Kwa sababu leo sikupaka."

"Hukupaka nini?"

"Ndimu. Paka hapendi ndimu. Nilikuwa nakata nusu kila asubuhi kabla hujaamka, napaka kiti. Nilitaka akirudi asikute manyoya. Wewe unajua alivyokuwa na suruali zake nyeusi." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilidhani unajua, hooyo. Halafu ukamwambia adeer, ami yake, ile habari ya alama. Ningesemaje mbele yake? Ningesema mama wa mume wangu amekosea? Kwa hiyo nikaendelea kupaka. Nilikuwa napaka kwa ajili yako sasa, si kwa ajili yake."

"Na leo?"

"Leo niliishika ndimu nikashindwa kuikata. Nimechoka, hooyo."

Paka akageuka ubavu, akaendelea kulala.

Nyinyi vijana mtasema, basi, kila kitu kimejulikana, ilikuwa ndimu. Ndiyo, kiti na harufu ilikuwa ndimu. Ile sauti haikuwa ndimu. Macho ya paka hayakuwa ndimu. Hayo sijayapatia jibu na sitafuti. Lakini nililolibeba hadi kwa kadhi lilikuwa kiti, na kile kiti hakikuwekwa na mwanangu. Kiliwekwa na huyu, aliyeamka kabla yangu kila alfajiri na mimi nikamwona ni mtu wa kupika tu. Mahali pa mwanangu palishikwa na mkono wa msichana aliye hai, na mkono ulikuwa umechoka.

Sikumwomba radhi. Mama mkwe haombi radhi, huweka jambo sawa. Nilimwambia akaoshe unga mikononi. Kisha nilipiga simu kwa shemeji, nikamwambia, "Rudi kwa kadhi. Mwambie mama wa kijana amesema hakuna alama."

Akauliza, "Na paka?"

"Paka ni paka. Nenda."

Kadhi alitusikiliza. Aliniuliza mimi mwenyewe, nikajibu mwenyewe. Akatoa hukumu kwamba mwanangu ahesabiwe amekufa, na kwamba eda ya mjane ianze. Ijumaa wanaume walikwenda kumswalia yule asiyekuwepo, baada ya swala ya Ijumaa. Mimi nilibaki uani.

Wakiwa msikitini, jua limesimama juu ya mji, nikaisikia. Noti ileile nzito. Nilikwenda, nikafungua mlango. Hakukuwa na paka hata mmoja ndani. Wote walikuwa nje, wamejipanga kwenye kivuli cha mkokoteni wa maji, kwenye joto, jambo ambalo hawajawahi kufanya. Kiti kilikuwa kitupu. Vibonye vilikuwa vitupu. Sauti ilitoka kwenye kile kinanda kirefu, ikajaza chumba, ikapita kwenye mifupa yangu, na safari hii haikubaki pale ilipokuwa siku zote. Ilipanda kidogo, kama mtu anayeuliza. Nilisimama mlangoni kama nilivyosimama siku ile ya wazee, lakini sikumzuia mtu. Siku anaondoka hakuniaga vizuri, na salamu yake mimi sikuiitikia. Nikasema, "Wa alaykum salaam, mwanangu." Nikasubiri mpaka ikaisha yenyewe.

Wanaume waliporudi, vumbi la miguu yao bado halijatulia, nilitoka chumbani nikasimama uani. Binti zangu walikuwepo, wajukuu walikuwepo, shemeji alikuwa ameketi na fimbo yake. Yule msichana alisimama karibu na jiko, hajui aweke wapi mikono. Nikapaza sauti ili hata jirani asikie.

"Mleteeni nguo nyeupe, avae sasa hivi. Kuanzia leo huyu ni mjane, yuko edani, asitumwe sokoni, asiguse jiko. Mfulieni, mpikieni, mumletee maji ya kuoga. Na siku eda yake itakapokwisha, mizigo yake mtaipakia nyinyi wenyewe mpaka kwenye gari la Habaswein, na mtu yeyote wa nyumba hii asimwulize anakwenda kuolewa na nani."